Nani Aliacha Lango Wazi

Mtu aliyenifundisha kuandika Kiingereza bila kumficha mtenda alikuwa mwoga kuliko wote niliowahi kuwafanyia kazi, na watu niliowafanyia kazi ni wengi. Nimekuwa utingo wa malori yaliyopeleka mahindi Rusumo. Nimechimba moramu kwenye barabara ya Biharamulo. Nimeuza sigara mojamoja kwa madereva waliokwama siku tatu kwenye foleni ya forodha. Shule niliiacha kidato cha pili, na hakuna aliyenifukuza. Nilichoka tu kukaa mahali pamoja nikitazama kisogo kilekile.

Kusoma sikuacha. Nilisoma chochote chenye herufi: maandishi ya kwenye magunia, karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, kitabu cha matengenezo ya lori ambacho dereva wangu alikuwa akichana kurasa zake kuwashia moto. Nilimwomba kila ukurasa niusome kabla hajauchoma. Ndiyo maana Kiingereza changu kilikuwa cha ajabu. Niliweza kueleza hatua kwa hatua jinsi ya kubadilisha chujio la mafuta, lakini nilipokutana na Mzungu sikujua nimwambie nini baada ya kumsalimia.

Walipokuja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto, Ngara nzima iligeuka ofisi. Penye mgomba pakasimamishwa hema, na kwenye kila hema palikuwa na meza, na juu ya meza taipureta. Kila jioni taipureta zile zilikuwa zimezaa ripoti. Mimi nilikuwa nikiziokota kwenye mapipa ya taka na kuzisoma, na nilizisoma nyingi kiasi cha kuanza kuzidharau. Maji yalichelewa kufikishwa. Mablanketi hayakugawiwa. Choo hakikuchimbwa kama ilivyopangwa. Makosa yalifanyika. Kurasa kwa kurasa, na hakuna binadamu hata mmoja aliyefanya kitu. Mtu asiyejua angedhani kambi nzima inaendeshwa na upepo.

Nami, mjinga, nikadhani hicho ndicho Kiingereza cha wakubwa. Nilipopata kazi ya ukarani kwenye mradi wa kupanda miti, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri na ulimi usioona haya, niliandika hivyohivyo.

Mradi ulikuwapo kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha. Watu wengi kama wale wakipika mara moja tu kwa siku, kilima kinabaki upara. Sisi tulitakiwa kuotesha miche ya kupanda upya. Meneja wetu alitoka mjini, ana shahada, na kwenye matope ya masika alitembea na viatu vya ngozi kama anayekwenda harusini. Alituona sisi wa huku washamba. Aliiga namna wengi wetu tunavyochanganya herufi. “Kalani,” alikuwa akiniita mbele ya wageni, “reta lipoti.” Wageni wakicheka, alicheka zaidi yao.

Ripoti yangu ya kwanza ilirudi ikiwa imejaa wino mwekundu. Niliandika kwamba viriba mia kadhaa, vile vifuko vya kuoteshea miche, vilijazwa udongo. Pembeni aliandika: Nani? Niliandika kwamba mbegu zilipandwa. Nani? Kwamba mvua ilisubiriwa. Nani? Ukurasa ulionekana kama umeumwa na siafu.

Aliniita mezani kwake. “Hii kauli ya kutendwa ni kauli ya waoga,” alisema. “Ni lugha ya watu wanaojificha. Kila sentensi iwe na mtu ndani yake. Kafanya nani? Mtaje.”

Sitadanganya, niliipenda kanuni ile. Nilijisikia kama mtu aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza. Nilirudi kwenye ripoti nilizookota mapipani na kuzisoma upya nikiwa na kalamu yangu, na kila mahali nikaandika Nani, na kila mahali nikaona suruali ya mkubwa fulani ikichungulia nyuma ya sentensi. Niliwadharau wote. Nilitudharau hata sisi wenyewe na lugha zetu, maana kwetu sahani huvunjika yenyewe, mlango hufunguka wenyewe, na fedha ya ushirika hupotea. Niliona Kiingereza cha kutenda ni lugha ya wanaume, nami nimeshaingia kundini.

Kanuni ilianza kunitia shaka siku ya yule mama. Alikuwa mkimbizi aliyefanya kazi kwetu ya kujaza viriba, hodari, asiyesema sana. Meneja alitaka habari yake fupi ya kuwapelekea wafadhili pamoja na picha. Nikaandika kwamba mume wake aliuawa kabla hajavuka mto. Ikarudi na wino mwekundu: Nani? Basi nikaenda kumwuliza. Aliinua macho akawatazama wanaume waliokuwa wakibeba udongo kutoka shimoni, watu wa kambi yake, akayashusha.

“Andika hivyohivyo ulivyoandika,” alisema.

Sentensi ile niliifuta yote, na meneja hakugundua, kwa kuwa alichotafuta ni makosa, hakuwa na haja na habari. Nilijipongeza kwa ushujaa. Leo naujua ulikuwa ushujaa wa bei rahisi, haukunidai kitu. Wiki chache baadaye ulinidai, nikauangusha.

Kitalu chetu kilikuwa kwenye mteremko unaoelekea Murukulazo, na ardhi ile ilikuwa ya mzee mmoja, Mkatoliki wa ukoo wa siku nyingi pale. Aliitoa kwa mdomo tu, bila karatasi, kwa masharti mawili. La kwanza, yeye mwenyewe ndiye awe mlinzi. La pili, kona ya juu yenye migomba isiguswe, kwa sababu ndipo alipozikwa mke wake. Meneja alikubali haraka, kama mtu anavyokubali jambo asilokusudia kulikumbuka. Kila asubuhi mzee alifungua lango la mabanzi, akapanda kwanza kwenye kona ile kung'oa magugu, kisha ndipo akaanza kazi ya mradi. Alasiri alishuka bondeni kuteka maji ya kumwagilia. Madebe manne, safari mbili. Ilikuwa kwenye mkataba wake, niliupiga chapa mimi.

Mimi nilikwenda kitaluni kwa sababu ya vibao. Mbele ya kila tuta palikuwa na kibao chenye jina la mti kwa Kilatini, mengine marefu kuliko mche wenyewe, na nilikuwa nayanakili kwenye daftari. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kujua kwa nini mjohoro, mti ambao kila mtu anaujua, unahitaji jina ambalo hakuna mtu anayelijua. Alasiri moja mzee alikuwa bondeni, nikaingia, nikanakili matuta matatu, nikatoka nikiwa nasoma daftari. Lango lilifungwa kwa kitanzi cha waya kinachotupwa juu ya nguzo. Nililisukuma kwa kisigino nikaendelea kusoma.

Mzee aliporudi na maji alikuta mbuzi ndani. Mikaratusi waliiacha, hawaipendi. Milusina na migrivelia waliimaliza hadi kwenye udongo.

Mbuzi walikuwa wa jirani, Msukuma aliyehamia na mifugo yake kutoka upande wa Shinyanga. Jirani yule alikuwa ameishi pale muda wa kutosha kujua desturi ya watu wa pale. Kesho yake asubuhi alikuja kwa mzee na kibuyu cha pombe ya ndizi. Ukija na kibuyu husemi ulifanya nini, wala mwenyeji hakuulizi. Unasema tu kwamba kuna jambo limetokea kwake. Mwenyeji akitia mrija kinywani akanywa, limekwisha. Mzee alinywa. Saa nne Msukuma alikuwa ameleta mikokoteni miwili ya samadi, na yeye na wake zake walikuwa wanajaza viriba upya pamoja na akina mama wa kambini. Mpaka jioni matuta yalikuwa yamepandwa tena. Kusema kweli, hapakuwa na kitu cha kuandika.

Lakini ripoti ya wiki ilitakiwa, na karani ni mimi. Niliandika kwamba baadhi ya miche iliharibiwa na kupandwa upya.

Nani?

Nikaandika kwamba mbuzi walikula miche.

Alichora mstari chini ya mbuzi. Mbuzi wa nani? Waliingiaje? Nani aliacha lango wazi?

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Jibu nililijua, lilikuwa limeketi kwenye kiti changu. Ningeweza kuandika kwamba lango liliachwa wazi, naye angeirudisha tena na tena mpaka achoke. Ningeweza kuandika ukweli. Nilichoandika ni sentensi moja fupi, yenye mtenda, kitendo na kitendwa, imenyooka kama rula: mlinzi aliacha lango wazi.

Ilirudi bila wino mwekundu. Pembeni, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, palikuwa na neno la sifa. “Unaona?” meneja aliniambia. “Sasa unaandika kama mtu.” Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda wa kutembea kutoka mezani kwake hadi mezani kwangu, nilifurahi.

Barua ya kumwachisha mzee kazi aliiandika meneja mwenyewe siku ya tatu, nikapewa niipige chapa. Hapo ndipo nilipomwona yule bwana alivyo hasa. Imeamuliwa kwamba huduma zako hazihitajiki tena. Unatakiwa kukabidhi. Hutaruhusiwa kuingia. Mtu aliyetumia chupa nzima ya wino kuniuliza nani, saa ya kumtupa mzee wa watu nje ya ardhi yake hakuamua yeye. Iliamuliwa. Nilichukua penseli nikaandika pembeni: Nani? Kisha nikafuta, kwa sababu nami nilikuwa mwoga wa daraja lilelile, nikapiga chapa.

Kitanzi cha waya kiliachwa kikining'inia bure. Meneja alinunua kufuli, akaleta mlinzi mwingine mwenye kofia na filimbi, mtu wa mbali asiyejua hata aliyelala kwenye ile kona. Mzee alikuja kila asubuhi kwa saa yake ileile. Alisimama nje ya uzio, mikono nyuma, akitazama magugu yanavyoota juu ya kaburi la mke wake. Halafu alirudi nyumbani. Mimi nilikuwa nampita nikiwa na daftari langu, naye aliitikia shikamoo yangu kama kawaida. Hakuna kilichonichoma kama kule kuitikia.

Jumapili moja baada ya misa nilinunua pombe, nikaenda kwake na kibuyu. Nilijiona nina akili sana. Desturi ya pale ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi: unakuja, husemi, unasamehewa, unakwenda zako.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kaa.”

Niliweka kibuyu mbele yake. “Kuna jambo lilitokea kwako,” nilisema.

“Lilitokea,” alisema. Mrija hakuugusa. “Lakini hili lina jina, mwanangu. Jina langu. Na wewe ndiye uliyeliandika.”

Nilimwuliza nani kamwambia. Alisema aliyemsomea barua yake kanisani alikuwa ameiokota pia nakala ya ripoti kwenye pipa letu la taka. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua, akaniambia kwamba jioni ile ya mbuzi aliona nyayo za katambuga langoni, zenye alama za tairi la lori. “Hapa wenye katambuga za lori ni wewe tu.”

“Mbona hukumwambia meneja?”

“Hajaniuliza.”

Kalamu nzima ya wino mwekundu, na swali moja tu kila ukurasa, na mtu mwingine pekee aliyekuwa na jibu hakuulizwa.

“Yule Msukuma alikuja na kibuyu nami nikampokea kwa kibuyu,” mzee alisema. “Wewe umekuja na karatasi kwanza. Basi imalize kwa karatasi. Ukishaandika na lako, pombe itakuwepo.” Akanirudishia kibuyu changu kikiwa kimejaa, nikakibeba njia nzima mpaka mjini, na kila niliyekutana naye aliona nilivyokataliwa.

Ripoti ya miezi mitatu, ile ya kwenda makao makuu Dar es Salaam, ilikuwa inakaribia. Kurasa saba. Niliiandika kwa uangalifu ambao sijawahi kuutia kwenye kitu chochote tena. Ukurasa wa tano nikaweka aya moja, katikati ya habari za mbolea na habari za mvua. Karani wa mradi aliingia kitaluni alasiri ile ili asome vibao. Karani hakufunga lango. Mlinzi alishuka bondeni kuteka maji, kama mkataba unavyomtaka. Karani alimsingizia mlinzi. Meneja hakumwuliza mlinzi. Meneja alimfukuza mlinzi kwenye ardhi ambayo mlinzi mwenyewe aliutolea mradi bure, na meneja amefungia kaburi la mke wa mlinzi kwa kufuli.

Sikuwa na ujanja wowote zaidi ya huo. Nilitegemea atasoma, atafoka, atanifukuza, na angalau nitakuwa nimesema. Nilisimama mbele ya meza yake. Alichukua rula akaiweka chini ya mstari wa kwanza, kama kawaida yake, akaanza kushuka. Ndipo nilipotambua jambo ambalo miezi yote ile sikuliona. Yule bwana hakuwa akisoma. Kauli ya kutendwa kwa Kiingereza hujitambulisha kwa kitenzi kidogo kinachotangulia, was au were, na alichofanya ni kukitafuta hicho kitenzi, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto bila kujali mtoto ni wa nani. Rula ilishuka ukurasa wa tano. Ikapita juu ya karani. Ikapita juu ya meneja, mara tatu. Hakukuta chawa hata mmoja.

“Safi kabisa,” alisema. “Umeiva, kalani.” Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Ningeweza kumzuia. Niliingiza karatasi kwenye bahasha mwenyewe na kumpa dereva wa gari lililokuwa linakwenda uwanja wa ndege.

Majibu yalichukua karibu mwezi. Yalikuja kwa karatasi nene yenye nembo, na yote, mwanzo hadi mwisho, kwa kauli ya waoga. Imeamuliwa kwamba mlinzi arejeshwe mara moja. Imeamuliwa kwamba karani aachishwe kazi. Imeonekana inafaa meneja apangiwe kituo kingine. Meneja alikuja na karatasi ile mpaka mezani kwangu, badala ya kuniita kwake. Uso wake ulikuwa umepauka.

“Nani aliandika haya?” aliniuliza.

“Sahihi ni yako, mkuu.”

Alitafuta nakala ya kaboni, akafungua ukurasa wa tano, na safari hii alisoma. Alisoma kwa midomo, neno kwa neno, kama mwanafunzi wa darasa la pili. “Kijana,” alisema mwishowe, “umeniua.” Sentensi nzuri, fupi, ina mtenda ndani yake. Sikumwambia. Nilitaka kucheka, na chini ya kicheko palikuwa na aibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeingia kwenye ripoti ile kwa kujiita karani, kama vile ni mtu mwingine.

Ufunguo wa kufuli nilipewa niupeleke, kazi yangu ya mwisho. Nilipitia Bukiriro kwa jamaa mmoja anayepika pombe nzuri, nikafika kwa mzee saa tatu asubuhi na kibuyu begani. Nilimpa ufunguo na nakala ya ukurasa wa tano, nikamfasiria kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye neno karani nikasema mimi. Mimi niliingia. Mimi sikufunga. Mimi nilikusingizia.

Tukaenda pamoja kitaluni. Alifungua kufuli, akalitia mfukoni, akapanda moja kwa moja hadi kwenye kona ya migomba. Magugu yalikuwa yamefika gotini. Aling'oa kwa muda mrefu, nami sikuthubutu kumsaidia, kaburi halikuwa langu. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali, akaja akakaa juu ya debe lililopinduliwa. Alitia mrija kwenye kibuyu, akanywa. Kisha akanipa mrija.

“Sasa unaenda wapi?”

Nilimwambia Rusumo, kuna malori, nitapata dereva.

“Na vile vibao umemaliza kuvinakili?”

Nilisema bado matuta mawili.

“Basi nakili,” alisema, akachukua madebe yake kushuka bondeni. Alikuwa ameshafika kwenye njia alipogeuka. “Ukitoka, funga lango.”

Nilinakili matuta mawili. Nilipotoka niliweka daftari chini, nikakirudisha kile kitanzi cha waya juu ya nguzo kwa mikono yote miwili, nikavuta kuona kama kimeshika.